Ulimi kazini: mwongozo kamili wa mawasiliano na weledi kwa anayeingia kazi ya afya

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kuweka kanula, ule mrija mwembamba wa kupitishia dawa mshipani, kwa hatua: funga mpira, tafuta mshipa, safisha, acha spiriti ikauke, choma. Hurudia kwenye mkono wa sanamu hadi vidole vizoee. Siku ya kwanza wodini anaambiwa "ongea vizuri na wagonjwa", basi, imeisha hiyo. Hapewi hatua wala mazoezi, na hana wa kumkosoa.

Hapa tunayachukulia maneno kama kanula. Yana mpangilio, yana mahali yanapokwama, na hufanyiwa mazoezi kabla ya kumfikia mgonjwa. Mwongozo unamfaa muuguzi, tabibu, mkunga, mfamasia, mtu wa maabara na hata wa mapokezi. Usijaribu yote kwa mpigo. Shika sehemu moja wiki nzima, ikikaa, nenda nyingine.

Dakika mbili za kwanza

Kabla ya kufungua mdomo, soma faili: jina, umri, kilichomleta, nani alimwona mwisho. Mgonjwa aliyekwisha kueleza habari zake mara tatu akiulizwa tena "unaumwa nini?" na mtu wa nne, anajua hapo hapo kwamba ninyi wenyewe hamsemezani.

1. Safisha mikono mbele yake. Kwa jeli ya spiriti ni sekunde 20 hadi 30, kwa maji na sabuni 40 hadi 60. Muda huo unatosha kabisa kusalimia, kwa hiyo hupotezi kitu.

2. Salimia kadiri ya umri wake na umtaje kwa jina. "Kitanda cha sita" si jina la mtu. Usidhani pia kila mwenye mvi anapenda kuitwa babu au bibi na mtu asiyemjua, muulize, "Tukuite nani?" na uliandike jibu juu ya faili.

3. Taja jina lako na kazi yako. Kate Granger, daktari wa Uingereza aliyekuwa akiugua saratani, alianzisha kampeni mwaka 2013 baada ya kuona watumishi wengi waliomhudumia hawajitambulishi. "Shikamoo mama. Naitwa Rehema, ni muuguzi wa zamu hii mpaka jioni." Kazi usiiache. Kwa wagonjwa wengi kila mwenye koti jeupe ni daktari, na mtu wa maabara asiyejitambulisha ataelezwa mambo yaliyopaswa kumfikia tabibu. Mgonjwa ataondoka akiamini yamefika.

4. Kaa. Kama hakuna kiti, chuchumaa hadi macho yenu yawe usawa mmoja.

5. Uliza swali moja lililo wazi, "Nieleze, nini kimekuleta leo?" Kisha nyamaza.

Hatua ya tano ndiyo inayowashinda wengi. Utafiti wa Beckman na Frankel, uliochapishwa Marekani mwaka 1984, uliona daktari akimkatiza mgonjwa kwa wastani wa sekunde 18 tu tangu aanze kueleza. Kisingizio ni kwamba akiachiwa hatamaliza leo. Mwaka 2002 watafiti wa Basel, Uswisi, waliwaacha wagonjwa waseme bila kukatizwa, na wastani ukawa sekunde 92. Dakika moja na nusu! Fanya zoezi hili na mwenzako: yeye aeleze maumivu yoyote, wewe uruhusiwe kutikisa kichwa na kusema "enhe" tu kwa dakika mbili. Utashangaa jinsi ulimi unavyowasha.

Faida yake ni kwamba jambo linalosemwa kwanza mara nyingi si lile zito. Mtu anaanza na kikohozi, na akiona hakatizwi ndipo anagusia damu aliyoiona chooni. Kwa hiyo swali la kufungia nalo lichague. "Hakuna kingine, eti?" linabeba jibu lake ndani, na mgonjwa mpole ataitikia "hakuna". Sema, "Na jambo jingine ulilotaka tulizungumze leo ni lipi?"

Angalia pia majina ya maradhi. Mtu akisema "nina homa", huenda ana joto, mafua, malaria aliyojipima mwenyewe kichwani, au uchovu tu. "Presha" inaweza kuwa imepanda, imeshuka, au ni moyo kwenda mbio kwa wasiwasi. "Kifua" ni kikohozi kwa huyu na pumu kwa yule. Muulize, "Ukisema presha, unasikia nini mwilini?" Andika maneno yake kwanza, ya kitaalamu yafuate.

Mkihitaji mkalimani, asiwe mtoto wa mgonjwa. Mtazame mgonjwa, si mkalimani, na useme sentensi moja moja.

Maelekezo ya dawa, mahali Kiswahili chenyewe kinapotega

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2003 yalikadiria kwamba asilimia 40 hadi 80 ya anayoelezwa mgonjwa husahaulika papo hapo. Hayo ni yale yaliyosemwa sawasawa. Yaliyosemwa kwa utata yana balaa lake, na lugha yetu ina mitego ya pekee ambayo vitabu vya kigeni havitaji.

Wa kwanza ni saa. Mfamasia anasema, "Meza kimoja kila baada ya saa nane." Mgonjwa anasikia "saa nane", naye anameza saa nane mchana na saa nane usiku. Dozi tatu zimekuwa mbili, na hajakaidi agizo la mtu. "Kila saa sita" ndiyo mbaya zaidi, kwani nne zinakuwa mbili: adhuhuri na usiku wa manane. Lebo ya kompyuta ikiandika 8:00 kwa maana ya asubuhi, kuna atakayesoma saa nane mchana. Dawa ya mtego huu ni kutaja nyakati zenyewe: "Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku." Hesabu, utaona zimeachana saa nane nane.

Wa pili ni ile alama ya 1 × 3 juu ya bahasha. Kwako ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Ambaye hajafundishwa anaweza kuisoma vidonge vitatu kwa mpigo. Chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, kisha chini ya kila mchoro weka idadi ya vidonge. Ni sekunde 10 za kalamu.

Wa tatu ni kijiko. Kijiko cha dawa ni mililita 5, lakini vijiko vya jikoni havilingani. Mpe mzazi bomba la kupimia lisilo na sindano, weka alama ya kalamu kwenye mstari unaotakiwa, na mwache avute mwenyewe maji hadi hapo mbele yako.

Wa nne, "kabla ya kula". Asiyekula mchana anaruka dozi ya mchana, tena kwa nia njema. Kama dawa inaweza kumezwa bila chakula, mwambie waziwazi. Kama chakula ni lazima, uliza kwanza anakula mara ngapi kwa siku.

Wa tano unakaa kwenye majibu ya vipimo. "Majibu yako ni chanya." Katika maongezi ya kila siku chanya ni jambo jema! Kuna mtu ataondoka anashukuru. Acha maneno hayo yabaki kwenye fomu, na mdomoni sema kilichoonekana: "Kipimo kimeonyesha vimelea vya malaria kwenye damu yako," au "Kipimo hiki hakikuona vimelea."

Baada ya maelezo, chukua mrejesho. Mpangilio wake ni huu:

1. Toa mambo matatu tu, usizidishe. Yaliyobaki yaandike.
2. Usiulize "umeelewa?" Jibu lake ni "ndiyo" daima, kwa heshima au kwa haraka ya kuondoka.
3. Uliza hivi: "Nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utamwelezaje mwenzako dawa hizi zinavyotumika?"
4. Akikosea, kosa ni la maelezo yako. Badili maneno, eleza tena, kisha muulize upya.
5. Malizia na dalili za hatari: "Ukiona nini utarudi hata kama tarehe haijafika?"

Kinachoharibu mrejesho ni sauti ya mwalimu wa mtihani. Sentensi ileile ikitamkwa kwa ukali, mgonjwa anakariri maneno yako kama kasuku, na hujui kama ameelewa.

Kumpigia daktari na kukabidhi zamu

Simu mbaya huanza hivi: "Samahani daktari, kuna mgonjwa hapa hayuko vizuri." Daktari anauliza nani, tangu lini, vipimo vikoje, na muuguzi anakimbilia faili huku simu ikiwa hewani.

Tumia mfumo uitwao SBAR, uliotoka katika nyambizi za jeshi la majini la Marekani kabla ya kuhamia hospitalini. Kwa Kiswahili ni hali, usuli, tathmini, pendekezo. Kabla ya kupiga, pima upya vipimo vyote kwa mkono wako na ushike faili. Mfano wa wodi ya wazazi (oksitosini inayotajwa ni dawa ya kukaza mji wa mimba):

Hali: "Daktari, ni Rehema, muuguzi wa zamu wodi ya wazazi. Napiga kuhusu mama wa miaka 28, kitanda cha 6. Anatokwa damu nyingi. Amejifungua dakika 40 zilizopita."

Usuli: "Ni uzazi wa tatu, wa njia ya kawaida. Kondo lilitoka lote. Alichomwa oksitosini yuniti 10 mara mtoto alipotoka."

Tathmini: "Presha ni 90 kwa 50, mapigo 124. Pedi mbili zimelowa chapachapa ndani ya dakika 15. Mji wa mimba ni laini, nadhani haujakaza."

Pendekezo: "Naomba uje sasa hivi. Nimeanza kuukanda mji wa mimba na dripu inakwenda. Niongeze oksitosini? Niagize damu?"

Ukiisoma kwa sauti haimalizi dakika moja. Wanaoanza hukwama kwenye tathmini, wanaogopa kusema "nadhani". Daktari aliye mbali anaihitaji hiyo "nadhani", kwa kuwa wewe ndiye mwenye macho pale. Kama hujui ni nini, nayo ni tathmini: "Sijui tatizo ni nini, lakini hali yake inashuka."

Daktari akitoa agizo kwa simu, liandike, lirudie kwake neno kwa neno, usubiri aseme "sawa". Tarakimu zitaje moja moja, hasa wodi yenu inapochanganya na Kiingereza: "fifteen" na "fifty" kwenye simu inayokatakata zinafanana, wakati "moja, tano" na "tano, sifuri" hazifanani kamwe.

Kukabidhi zamu kunafuata njia hiyohiyo, ila hufanyika kando ya kitanda faili likiwa wazi, na hakuna mwingine anayeongea. Anza na mahututi, usifuate namba za vitanda. Kwa kila mgonjwa sema alivyo, kilichofanyika, kinachosubiriwa, na kitakachofanywa iwapo mambo yatageuka: "Joto likipanda tena, chukua damu ya kuotesha vijidudu maabara kabla ya kubadili dawa." Anayepokea arudie kwa ufupi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, katika hospitali 9 za Marekani na Kanada zenye madaktari wa watoto walio mafunzoni, uliona makosa ya kitabibu yakipungua kwa asilimia 23 baada ya makabidhiano kuwekewa mpangilio wa namna hii.

Mkubwa anapokosea

Unaona bingwa anataka kutoa penisilini kwa mgonjwa ambaye faili lake limeandikwa mzio. Heshima inakuambia unyamaze. Panda ngazi hii, kipandio kimoja baada ya kingine:

"Daktari, nina wasiwasi, faili linasema ana mzio wa penisilini."

Asiposikia: "Sijatulia na dawa hii. Naomba tuangalie faili pamoja."

Asiposikia tena: "Hii si salama. Naomba tusimame kwanza."

Sauti ibaki ileile, maneno ndiyo yanayopanda. Usimkosoe mtu, taja hatari iliyo mbele ya mgonjwa. Baada ya kipandio cha tatu, mwite mkuu wa zamu hapo hapo. Ukiwa wewe ndiye mkubwa, jibu la kwanza mbele ya wote liwe "asante kwa kuniambia", hata kama aliyesema amekosea. Ukimfokea leo, kesho atanyamaza, na kesho huenda yeye ndiye mwenye haki.

Habari nzito

Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha mwaka 2000 mpangilio wa hatua sita uitwao SPIKES, na bado ndio unaofundishwa sana. Andaa mahali pa faragha, viti, sanduku la karatasi laini, simu kimya. Uliza anachojua tayari: "Mpaka sasa mmeelezwa nini?" Uliza angependa kujua kiasi gani. Toa habari kwa sentensi fupi, ukianza na onyo: "Nina habari nzito." Pokea hisia zake. Kisha mpange hatua inayofuata.

Kwenye hatua ya nne ndipo lugha ya staha inapotuponza. "Ametutoka", "ametangulia", "hali imebadilika": ndugu aliyechanganyikiwa anaweza kuuliza ametoka kwenda wapi. Neno ni "amefariki". Litamke mara moja, taratibu, kisha nyamaza, hata kama ukimya unachoma.

"Pole" nayo ina matumizi yake. Iseme na uiache pale ilipo. "Pole, lakini angalau hakuteseka" imekwisha kuharibika kwenye ile "lakini". "Usilie" na "jikaze" zinamtuliza msemaji, hazimtulizi mlengwa. Sogeza kiti, mpe kitambaa, subiri aulize yeye. Mara nyingi swali la kwanza ni "sasa tunafanyaje?", na hapo ndipo unapoingia kwenye mpango.

Kwa ndugu mwenye hasira, anza na kutaja unachokiona: "Naona umekasirika, umesubiri tangu asubuhi." Utetezi wa ofisi uje baadaye, kama utahitajika. Akitishia kupiga, simama karibu na mlango na uite msaada. Ushujaa hauna nafasi hapo.

Kalamu

Faili ni mawasiliano na mtu ambaye hutamwona. Kwenye dozi, andika 0.5 mg, kamwe usiandike .5 mg, kwani nukta ikififia inakuwa 5. Andika 1 mg, usiandike 1.0 mg, isije ikasomwa 10. Neno "yuniti" liandike lote: herufi U ya haraka hufanana na sifuri, na insulini ya 4U ikageuka 40. Maikrogramu nayo iandike kwa neno zima, maana alama yake husomwa miligramu, mara elfu moja zaidi.

Muda uandike kwa mfumo wa saa 24. "Dawa imetolewa saa 2" yaweza kuwa 8:00, 20:00 au, kwa aliyezoea saa ya Kiingereza, 2:00. Tofauti ya saa sita inatosha kurudiwa dozi.

Ukikosea, piga mstari mmoja ili neno lisomeke, andika sahihi kando, weka saini na muda. Usifute kwa wino mweupe, na usijaze chati ya saa ambayo haijafika. Andika ulichoona na kusikia. "Mgonjwa mkorofi" ni hukumu, na itamfuata mtu huyo kila wodi. "Amekataa sindano saa 14:10, amesema ya jana ilimvimbisha mkono" ni taarifa, na huenda ikamfanya mtu aangalie huo mkono.

Siri na simu ya mkononi

Picha ya kidonda kwenye kundi la WhatsApp, hata bila uso, mara nyingi hubeba jina kwenye lebo ya kitanda, mchoro mwilini au tarehe. Ikihitajika kwa ushauri wa kitabibu, pata ridhaa ya mgonjwa, piga sehemu husika tu, tuma kwa mhusika mmoja kwa njia iliyoruhusiwa na kituo chako, kisha ifute. Kwenye lifti, kantini na usafiri wa umma mgonjwa hatajwi. Ndugu akiuliza majibu, msemo ni mmoja: "Nitamwuliza mwenyewe kama ningoje mwongee, au nikueleze mbele yake."

Kukua kazini

Usiombe maoni kwa swali la jumla kama "naendeleaje?" Utaambiwa "vizuri", na hapo umepoteza nafasi. Mwambie mkubwa wako kabla: "Nitazame ninavyompokea mgonjwa huyu, halafu uniambie jambo moja la kubadilisha." Andika jibu siku hiyohiyo.

Weka daftari la stadi lenye tarehe, kazi uliyofanya, mara ya ngapi, nani alisimamia, na kilichokwama. Majina ya wagonjwa yasiwemo. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo ndilo litakaloandika wasifu wako wa kazi: badala ya "nina uzoefu wa kutosha", utaweka idadi ya waliozalishwa chini ya usimamizi na idadi ya zamu ulizoongoza. Kurasa mbili zinatosha, namba ya leseni na tarehe yake ya mwisho zikae juu kabisa.

Kwenye usaili, karibu kila jopo litauliza kosa ulilowahi kufanya. "Sijawahi" huwatia hofu wasaili, kwa sababu aliyefanya kazi ya afya bila kosa ama hajaifanya ama halioni. Chagua kosa la kweli, lisilo na jina la mtu wala la kituo, na ulieleze kwa dakika mbili: kilitokea nini, ulimwambia nani na baada ya muda gani, mgonjwa alifanyiwa nini, na tangu siku hiyo unafanya nini tofauti. Kati ya hayo, wasaili wenye uzoefu husikiliza zaidi lile la "baada ya muda gani".